Nusu ya Diski Iliyokaa Bure

Kompyuta iliniandikia kwa Kifaransa cha adabu kwamba nafasi haitoshi, nami nikaijibu kwa Kiswahili kisicho na adabu yoyote. Mama yangu, aliyekuwa akifunga barafu kwenye vifuko upande wa pili wa chumba, aliniuliza ninamtukana nani. Nikamwambia namtukana mwongo. Nafasi ilikuwepo. Niliinunua pamoja na kompyuta yenyewe, na ukubwa wake niliujua kama ninavyojua ukubwa wa kiwanja chetu hapa Mangobo. Nusu nzima ilikuwa imelala humo ndani bila kumfaa mtu.

Mezani, kando ya kompyuta, palikuwa na diski ndogo ya nje niliyoazimwa asubuhi hiyo. Mwenye diski angeifuata wakati wa magharibi, kwa sababu kesho yake alfajiri alikuwa anapanda boti ya Yangambi. Ndani yake mlikuwa na masomo ya lugha ya alama, video baada ya video, mwalimu amesimama mbele ya ukuta mweupe anazungumza kwa mikono. Nilikuwa na mchana mmoja wa kuyanakili. Binti yangu ni kiziwi, na kulikuwa na jambo nililopaswa kumwambia tangu muda mrefu, nami sikuwa na njia ya kulisema. Jambo lenyewe ni kwamba baba yake amekufa.

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Alishuka na boti kwenda upande wa Yahuma kununua mzigo, kama alivyoshuka mara nyingi, akaugua huko, akafia huko, na watu wakamzika siku ileile kama dini yetu inavyotaka. Sisi tulipata simu. Hapa nyumbani mtoto hakuona jeneza wala maiti. Aliona watu wengi, mikeka, kisomo, na masufuria ya pilau. Homa ya utotoni ilimwondolea masikio kabla hajajua kusema, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumnong'oneza chochote. Shangazi zake walimvisha gauni la sikukuu kwa kuwa ndilo lililokuwa safi, naye akaona ni sherehe. Alicheza na wenzake uani. Mara kwa mara alinijia chumbani, ananikuta nalia, ananifuta uso kwa pindo la gauni lake, kisha anarudi kucheza. Siku ile niliumia mara mbili, na hakuna wa kulaumiwa.

Baada ya hapo alianza kungoja. Baba yake alizoea kurudi kutoka bandarini na toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria na mizigo, gunia likiwa nyuma na yeye akitembea kando kulishika. Basi kila toleka yenye gunia iliposimama karibu na lango letu, mtoto alitoka mbio. Akirudi alinitazama. Hakunitazama kwa huzuni. Alinitazama kama mtu anayeuliza saa, na mimi nilikuwa ndiye mwenye saa.

Nilijaribu. Nilimwonyesha picha ya kaburi tuliyotumiwa kwa simu. Aliona lundo la udongo na miguu ya mtu aliyesimama pembeni, akacheka viatu vya yule mtu. Siku nyingine kifaranga kilikufa uani. Nikamwita, nikamwonyesha kifaranga, kisha nikamwonyesha picha ya baba yake ukutani. Akalia sana kwa ajili ya kifaranga. Picha ya baba yake akaipangusa vumbi.

Sasa, nusu ya diski ilipoteaje? Mimi nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi karibu na soko. Nilipofiwa niliingia eda, kile kipindi cha mjane kukaa ndani, na katika ukoo wetu eda si mchezo. Sisi ni wa zile familia za Waislamu wa zamani wa mji huu, walioletwa na biashara enzi za mababu, na mama yangu huishika desturi kwa mikono miwili. Mwanamume asiye maharimu haingii nilipo. Kibanda kikafungwa, kompyuta ikaletwa nyumbani, na kazi ikawa inanifuata kwa flashi. Mteja anampa mama langoni, mama ananiletea, nachapa, mama anarudisha. Kila flashi ilikuja na virusi vyake. Katika mji wetu flashi isiyo na virusi ni kama mbwa wa sokoni asiye na viroboto, ukimwona unashangaa tu.

Jirani mmoja, fundi wa kompyuta, mwanamume mzima mwenye heshima zake, akashauri tuweke mfumo endeshi wa pili kwenye mashine hiyohiyo, ule wa bure ambao virusi hivi haviuwezi. Ukiwasha, unachagua mwenyewe: huu wa kufungulia flashi za watu, ule wa zamani wa kuchapia. Niliona ni akili, na hata leo naona ni akili. Kama angekaa mbele ya mashine mpaka mwisho, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini yeye alikaa barazani na kompyuta, waya wake umepitishwa dirishani, mimi nikakaa ndani, na mama akawa katikati akibeba maswali huku na majibu kule. Fundi akaikata diski, akatenga nusu kwa ajili ya mfumo huo mgeni, akaanza kuuingiza. Ilipofika mahali pa kungoja tu, adhuhuri ikaingia, na mama akaona haipendezi mwanaume wa watu kukaa barazani kwa mjane bila kazi mkononi. Fundi akaelewa. Akaaga. Kompyuta ikasogezwa ndani bila kuchomolewa kwenye soketi yetu moja inayofanya kazi, nami nikaenda kuswali.

Betri ya mashine ile ilikufa zamani. Inaishi kwa waya tu. Na nyumba yetu ina sheria ya umeme ambayo hata mtoto anaijua: umeme huja kwa zamu, na ukija, soketi ni ya kinachooza. Friza ya mama kwanza, yenye samaki na barafu zake za kuuza, mengine baadaye. Mama alimaliza swala kabla yangu. Akakuta umeme upo, friza imechomolewa, na kompyuta ina kioo cheusi. Akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa mtaa wetu angefanya.

“Nani alichomoa waya kwa prise?” nikauliza nilipotoka.

“Ni miye,” mama akasema. “Samaki ilikuwa inaanza kulegea. Na mashine yako ilikuwa imeshalala.”

“Haikulala, mama. Ilikuwa inatumika.”

“Bon. Mashine yenye inatumika inafungaka macho?”

Nilipoiwasha tena, ilifungua mfumo wa zamani kama kawaida, faili za wateja zote zipo, nikamshukuru Mungu. Ila diski sasa ilijionyesha nusu. Nusu ya pili ilikuwa imekatwa kwa ajili ya mfumo ambao haukumaliza kuingia, na mfumo wa zamani haukuweza hata kuisoma nusu hiyo. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini mtu aliyefiwa ana nyufa nyingi za kuangalia kwa wakati mmoja, na kazi ya eda ilikuwa ndogo, nusu ilitosha. Nikaiacha.

Eda ikaisha, nikarudi kibandani, maisha yakaendelea kwa ubishi. Ndipo akafika yule mwalimu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu wa viziwi kutoka Bunia, amekuja kumsalimia dada yake ambaye ni mteja wangu, kabla ya kuendelea na safari ya Yangambi. Dada mtu alimweleza habari za binti yangu, naye akaja nyumbani bila kuitwa, akavua viatu, akaketi mkekani na mtoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijawahi kuona binti yangu akimkodolea mtu macho vile. Mimi nilikuwa na ombi moja tu.

“Madame,” nikamwambia, “unionyeshe tu namna ya kusema amekufa. Zingine nitatafuta polepole.”

Akanionyesha. Nikamgeukia mtoto, nikafanya kama nilivyoonyeshwa. Mtoto akaniiga huku akicheka, kisha akaongeza madoido yake, akapiga makofi, akangoja na mimi nifanye langu. Alidhani ni mchezo.

“Unaona?” mwalimu akasema, na hakusema kwa ukali. “Neno moja pekee yake haiko neno. Iko mikono tu. Mutoto hajue jana, hajue kesho, hajue kurudi. Ukimwambia kufa, atakamata nini? Kwanza umupatie luga, mama. Kisha utamwambia habari.”

“Na luga iko wapi, madame?”

“Iko ndani ya disque yangu. Kesho nitakuachia mpaka magaribi. Mashine yako iko na nafasi?”

“Iko,” nikasema, na nilisema kwa kiburi.

Nilikuwa nimeshamwomba nafasi mkuu wa shule ya viziwi iliyo upande mwingine wa mji, nikaambiwa ningoje mwaka ujao wa masomo. Mwaka ujao ulikuwa mbali. Kila juma toleka zilisimama langoni. Basi asubuhi ile, zamu ya umeme ikiwa ya mtaa wetu, nilibaki nyumbani, nikaunganisha diski ya mwalimu, nikabonyeza kunakili, na ndipo mashine ilipoleta adabu zake za Kifaransa.

Nilifikiri kuchukua sehemu tu. Nikafungua orodha ya masomo: familia, chakula, mwili, wanyama, siku, hali ya hewa, shule, hasira, sala. Nikaanza kuondoa. Hali ya hewa, nikasema, mtoto anaona mvua mwenyewe. Kisha mkono ukasita. Nichague maneno gani ambayo mtoto wangu asiyajue? Wengine wamepewa yote bure, kwa masikio, wakiwa mgongoni kwa mama zao. Nikasema hapana, yataingia yote. Simu yangu ilikuwa imejaa, na flashi nilizoazima kwa majirani zilikuwa ndogo, zimejaa filamu na mahubiri ambayo wenyewe hawakutaka yafutwe.

Nikaenda kwa fundi. Nilimkuta amefungua redio ya mtu, skrubu mdomoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa skrubu.

“Mama, hapo hakuna mambo mingi. On formate, c'est tout. Tunafuta yote, tunaanza mupya. Kesho magaribi iko tayari.”

“Kesho magaribi disque ya madame iko Yangambi. Na document za batu?”

“Batu watakuletea tena.”

Hapo damu ilinipanda. Katika mji huu ukipeleka mashine kwa fundi kwa sababu herufi moja haibonyezeki, jibu ni kuformati. Mashine inapiga kelele, tuformati. Nilimwambia kwamba kama angekuwa daktari tungekuwa tumeisha wote. Akacheka, hana kinyongo, nilikuwa tayari naondoka. Akaniita kutoka nyuma:

“Basi ukigusa mwenyewe, usifute kile kipande kidogo! Kile cha kuwashia mashine. Ukikifuta, haitawaka tena.”

Nilirudi nyumbani nikisoma kwenye simu maandishi ya watu wasiojulikana, Kifaransa cha haraka kisicho na nukta, na megabaiti zangu zikiyeyuka. Niliyaelewa nusu, nikayarudia, nikayaelewa zaidi. Kazi yenyewe haikuwa ndefu: futa kipande kilichoachwa na mfumo wa pili, kisha rudisha nafasi yake kwenye kipande chako. Jambo moja wote walilikubali. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, unaweza kupoteza vyote.

“Mama,” nikasema, “leo congélateur itabakia bila courant.”

“Mpaka saa ngapi?”

“Mpaka nimalize.”

Mama alitazama friza, kisha akamtazama mjukuu wake, aliyekuwa amechuchumaa langoni akichungulia barabara. Alifungua friza, akatoa samaki wote kwenye beseni, akatoka uani. Waliokuwa wazuri aliwauzia majirani palepale, waliobaki akawapanga juu ya moto wa moshi. Kisha akarudi akinuka moshi, akachukua kigoda chake, akakiweka mbele ya soketi na kukaa, mgongo umeegemea ukuta, waya wa kompyuta ukipita chini ya kwapa lake. Jirani akaingia na simu na chaja, kama wanavyoingia kila siku umeme unapofika.

“Leo hapana,” mama akamwambia. “Courant ya leo iko ya mutoto.”

Jirani akaangalia, akaona hakuna wa kubishana naye, akatoka.

Nikafungua ukurasa unaoonyesha diski nzima. Vipande vimepangwa kwa mstari kama viwanja kwenye ramani: kidogo mwanzoni, kisha kikubwa changu chenye kazi zote, kisha kidogo kisicho na jina, kisha kikubwa kisicho na jina, halafu kidogo tena mwishoni. Nusu yangu ilikuwa pale, bluu kama nyingine, imekaa kimya. Niliitazama kwa hasira ya mtu anayekuta kitanda chake kimelaliwa na mgeni ambaye hata hakufika.

Nilibonyeza kile kikubwa kisicho na jina, nikachagua kufuta. Mashine ikaonya kwamba kipande hiki hakikutengenezwa na yeye na huenda kina vitu vya mfumo mwingine. Ndiyo, nikasema, ndicho hasa. Bismillahi. Bluu ikageuka nyeusi: nafasi isiyo na mwenyewe. Nikacheka kwa sauti. Mama akauliza kama tumemaliza, nikasema bado kidogo.

Kidogo kile kilikuwa kirefu. Nilirudi kwenye kipande changu ili nikipanue, na neno la kupanua lilikuwa limefifia, kijivu, halibonyezeki. Nilibonyeza hata hivyo. Nikabonyeza kwa nguvu, kana kwamba mashine ina ngozi. Nikarudi kwenye simu, nikasoma tena. Kipande hupanuka tu kwenye nafasi inayopakana nacho, upande wa kulia. Na kati ya kipande changu na ile nafasi nyeusi kilikaa kile kidogo kisicho na jina.

Usiguse kipande kidogo, fundi amesema. Lakini vidogo vilikuwa vitatu. Kipi ni kile cha kuwashia mashine? Nilimpigia fundi, simu yake imezimwa. Nikapiga tena. Nikikosea, mashine haiwaki, kazi za watu zimekwenda, na masomo ya mwanangu yanapanda boti alfajiri. Nikiogopa, yanapanda boti vilevile.

Kwa hiyo nikaacha kubonyeza, nikaanza kutazama. Nilipitisha kishale juu ya kila kipande na kufungua menyu yake, nikiuliza tu bila kutenda. Kidogo cha mwanzo: mashine haikunipa chochote ila msaada. Kidogo cha mwisho: vilevile, msaada tu. Kikubwa changu chenye mfumo: neno la kufuta limefifia. Kumbe mashine ilikuwa inalinda vya kwake, haikuniruhusu hata kuvigusa. Nikafika kwa kile cha katikati. Neno la kufuta lilikuwa jeusi, liko wazi, tayari. Hakikuwa cha mashine. Fundi ndiye aliyekikata, kiwe mahali pa kupumzikia mfumo ule wa pili, na mwenyewe akakisahau.

Niliamini hivyo. Kuamini ni kitu kimoja, na kidole ni kitu kingine.

“Juu ya nini umenyamaza?” mama akauliza kutoka kwenye kigoda.

“Nafikiri, mama. Kuna kipande moja hapa, sina hakika.”

“Iko ya mashine ama haiko ya mashine?”

“Naona haiko ya mashine.”

“Basi ondosha. Maji umeshayavulia nguo.”

Nikafuta. Nyeusi mbili zikaungana, zikawa moja pana iliyopakana nami bila kitu katikati. Neno la kupanua likakolea. Nilibonyeza, nikakubali, nikakubali tena, na taa ya chumbani ikafifia kidogo kama inavyofifia kabla ya umeme kuondoka. Mama akaushika waya kwa mikono miwili, kana kwamba angeweza kuzuia mkondo usitoke. Taa ikarudi. Kwenye kioo, bluu yangu ilikuwa imefika mpaka kwenye kile kidogo cha mwisho wa mstari.

Sikuiamini mpaka niizime na kuiwasha. Hiyo ndiyo ilikuwa dakika ngumu kuliko zote, kioo cheusi, mama bado ameushika waya. Iliwaka. Nikafungua, nikaona nafasi yangu yote, nikaweka kichwa mezani, nikalia kwa sauti. Mtoto akaja mbio kutoka langoni kunifuta uso.

Kunakili kulichukua mchana wote. Umeme ulikatika masomo ya mwisho hayajaingia, na mama akatoka bila kuambiwa, akarudi na waya mrefu kutoka jenereta ya jirani. Samaki wawili wa moshi walibaki huko. Nikaanza upya pale palipokatika. Mwalimu alipofika, muadhini akiwa ameshaadhini, nilimkabidhi diski yake kwa mikono miwili.

“Yote iliingia?” akauliza.

“Yote, madame. Hata mvua na jua.”

“Bon. Usiruke, mama. Ufuate vile yanafuatana. Hata ukiwa na haraka.”

Nilikuwa na haraka kuliko alivyojua. Somo lenye neno lile la kufa lilikuwa huko mbele, nililiona kwenye orodha kila nilipofungua mashine, lakini sikulirukia. Tulikaa sisi wawili kila alasiri yenye umeme, mtoto akiwa amesimama kati ya magoti yangu, tukaanza na chakula. Pondu, kisamvu chetu. Samaki. Nipe. Sitaki. Hilo la sitaki alilishika siku ya kwanza na kulitumia mpaka mama akalalamika. Tukaenda kwa wanyama, kwa mwili, kwa leo na jana na kesho. Jana na kesho zilimchosha, mimi pia, maana vidole vyangu vimezoea kuchapa, si kusema. Tukafika kwa kwenda na kuja na kurudi. Mama alijifunza ya kwake kimyakimya, njoo ule, lala, vaa viatu. Mtoto alitupita wote. Wakati mwingine nilimkuta ameifungua mashine mwenyewe na yuko masomo mengi mbele yetu, anaongea na mwalimu wa ule ukuta mweupe. Lile somo la kufa tulilipita pamoja, mara moja, na alilichukua kama mengine, alama kati ya alama. Sikuongeza kitu. Nilikuwa naogopa.

Kisha siku moja toleka yenye gunia ikasimama langoni. Alitoka, akatazama, akarudi. Safari hii hakunitazama tu. Alisimama mbele yangu, akainua mikono.

Baba, akasema. Kurudi. Kesho?

Nilipiga magoti ili mikono yangu iwe sawa na macho yake. Baba, nikasema. Kurudi, hapana. Kesho hapana. Siku zote hapana.

Kwa nini?

Nikamwambia. Baba amekufa.

Alitazama mikono yangu, si uso wangu. Akatikisa kichwa. Nilidhani anaikataa habari, nikataka kumvuta kifuani, lakini alinizuia. Akashika mikono yangu, mmoja mmoja. Nilikuwa nimevigeuza viganja vyote viwili upande mmoja, nimekosea. Alikilaza kimoja kitazame juu na kingine kitazame chini, akavigeuza pamoja, taratibu, kama mwalimu wa video alivyofanya mbele ya ukuta. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akashusha mikono yake, akangoja niseme vizuri.

Ikabidi niseme tena. Baba amekufa.

Akalirudia mwenyewe, lote, bila kosa. Halafu akaninyooshea kidole. Wewe, unajua?

Najua.

Toka lini?

Sikuwa na alama ya neno zamani, au nilikuwa nayo na ikanikimbia. Nikamwambia jana. Nikaona haitoshi, nikasema jana, jana, jana, jana, mpaka mkono wangu ukachoka.

Alinipiga ngumi begani, kwa nguvu zake zote, kwa ile hasira ambayo najua ameirithi kwangu. Kisha akalia.